SSD Ikibadili Mwenyewe

Mwaka juzi nilinunua Kariakoo diski ya SSD ya gigabaiti 256, iliyotolewa kwenye laptopu ya ofisi na kutiwa kwenye kifuko cha nailoni. "Hii iko safi kaka, nimeshaifomati," fundi aliniambia. Nyumbani niliichomeka, ikafunguka tupu kama alivyosema. Kwa vile napenda kujua vitu vinavyofanya kazi kwa ndani, nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua faili zilizopotea, nikaenda kula. Niliporudi nilikuta orodha ya mishahara ya shule moja, ripoti za watoto wa darasa la nne zenye namba za simu za wazazi, na picha ya kitambulisho cha mama mmoja aliyekuwa akitazama kamera bila kutabasamu. Nilifungua faili mbili tatu kuthibitisha ninachokiona, nikafunga, nikaisafisha diski ile ipasavyo usiku uleule.

Yule fundi hakunidanganya, na ndiyo maana kisa hiki bado kinanisumbua. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa hakitoshi.

SSD inapohamia kompyuta nyingine inaleta maswali matatu: imebeba siri za nani, imebakiza uhai kiasi gani, na je, mashine inayoipokea itaielewa? Mafundi wengi hushughulikia la tatu tu, maana ndilo mteja analoliona. Mashine ikiwaka, pesa inalipwa. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko mengine, ndilo jepesi kuliko yote kulitatua, na ndilo linaloachwa kila siku kwa sababu anayeumia kwa kuachwa kwake hayupo dukani. Mama wa kile kitambulisho hajui mpaka leo kwamba sura yake ilizunguka Kariakoo kwenye kifuko cha nailoni.

Ili kuelewa jinsi fundi mkweli anavyoweza kuuza diski iliyojaa, tuingie kwanza masijala. Karani wa masijala ana rejista inayosema jalada lipi liko rafu ipi, halafu ana rafu zenyewe. Unapofuta faili, au unapofomati kwa njia ya haraka, kinachoguswa ni rejista. Majalada yanabaki rafuni, na yeyote mwenye subira ya kupita rafu moja baada ya nyingine atayakuta. Hicho ndicho PhotoRec inachofanya: haiulizi rejista, inapekua rafu.

Kwa diski ngumu za zamani, zile za sahani zinazozunguka, dawa ilikuwa nyepesi. Unaandika sifuri juu ya kila sekta, na kilichokuwapo kimekwisha, kwa sababu sekta namba fulani ni mahali palepale jana na leo. Ule ushauri wa kuandika mara 35, ambao mafundi wa makamo bado wanaukumbuka, ulitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996. Idadi ilikuwa kubwa hivyo kwa sababu alitaka kujumuisha teknolojia mbalimbali za diski za wakati ule. Kwa diski ya sahani ya leo, kuandika mara moja hutosha.

SSD imejengwa kwa misingi mingine. Kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1984, kisha aina yake ya NAND mwaka 1987, huhifadhi chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Seli hupangwa kwa kurasa, na kurasa nyingi hufanya bunda moja. Ukurasa unaweza kuandikwa peke yake lakini haufutiki peke yake. Sharti bunda zima lifutwe kwa mpigo mmoja. Jina lenyewe la flashi lilipendekezwa na mfanyakazi mwenzake Masuoka, ambaye ufutaji huo wa ghafla ulimkumbusha mwako wa taa ya kamera. Na kila mpigo wa kufuta huzichakaza seli kidogo.

Kwa sababu hizo mbili, ndani ya kila SSD ameajiriwa karani wa pili, kidhibiti, mwenye rejista yake ambayo Windows haiioni. Ukibadili neno moja kwenye waraka, kidhibiti hakirudi kwenye ukurasa uleule. Huandika toleo jipya mahali pengine, hurekebisha rejista yake, na toleo la zamani hulitia alama ya takataka likingoja siku ya usafi. Tena ana stoo: SSD inayouzwa kama ya gigabaiti 240 mara nyingi imebeba chipu za 256, na tofauti hiyo ni chumba cha karani ambacho kompyuta yako haina ufunguo wake. Ukiandika sifuri juu ya faili ya mishahara, unaweza ukawa umeandika sifuri mahali papya kabisa huku mishahara ikibaki ilipokuwa.

Hata hivyo nisiwaonee wanaofomati. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na toleo la 2.6.33 la kiini cha Linux mwaka 2010, kompyuta huiarifu SSD kwa amri iitwayo TRIM kwamba kurasa fulani hazihitajiki tena. SSD nyingi zikipata taarifa hiyo humjibu sifuri yeyote anayeziulizia kurasa zile, na kidhibiti huzifuta kwa wakati wake. Kwa hiyo SSD iliyofomatiwa ikiwa ndani ya laptopu yenye Windows ya kisasa, PhotoRec aghalabu huambulia patupu. Neno linaloniudhi hapo ni aghalabu. Nilirudi kwa fundi wangu kumuuliza alivyofanya, akanionyesha bila kificho: alizichomeka diski zake zote, moja baada ya nyingine, kwenye kesi ya USB ya bei nafuu iliyokuwa mezani, akafomati kutoka hapo. Nyingi za kesi hizo haziipitishi TRIM. Rejista ya Windows ilichanwa, karani wa ndani hakupata habari, na majalada ya shule yakabaki rafuni. Diski mbili za aina moja, zilizofomatiwa na mtu mmoja kwa njia mbili tofauti, zitatoka moja tupu na moja imejaa, na kwa macho zitafanana.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa MIT nchini Marekani, walichapisha utafiti wa diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizosomeka, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Hizo zilikuwa diski za sahani, ambazo ni rahisi kusafisha. Mwaka 2011 Michael Wei na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligeukia SSD, na hawakuridhika kuiuliza SSD kama imefuta. Walizisoma chipu zake moja kwa moja, wakimkwepa karani. Walipojaribu mbinu za kuandika juu ya faili moja moja, kati ya asilimia 4 na 75 ya yaliyomo yalibaki. Walipojaribu amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD zenyewe, kati ya saba walizoweza kuzikagua ni nne tu zilizoitekeleza kwa kutegemewa. Moja iliripoti kwamba imemaliza kazi salama, na data zote zilikuwa zingalipo.

Matokeo hayo ni ya zamani na watengenezaji wamejirekebisha tangu hapo. Nayataja kwa sababu yamebadilisha jinsi ninavyofanya kazi: nikishafuta, nakagua. Naendesha PhotoRec juu ya diski niliyoifuta mwenyewe, na isipoleta kitu ndipo naitoa mkononi. Ukaguzi wa namna hiyo hauwezi kuingia kwenye stoo ya karani, lakini unamnasa fundi aliyejisahau, na wengi wa wanaovujisha data ni waliojisahau.

Amri sahihi, basi, ni ile inayomlenga karani mwenyewe. SSD za SATA, njia ya zamani ya diski kuongea na kompyuta, zina amri ya ufutaji salama katika kanuni za ATA, na zile za NVMe, njia mpya, zina amri mbili, format na sanitize, ya pili ikiwa kali zaidi. Zote humwambia kidhibiti afute kila kitu, stoo ikiwemo, na kwenye SSD nyingi kazi huisha ndani ya dakika chache. Na laptopu zinazojaa Kariakoo na Luthuli Avenue kule Nairobi, EliteBook za HP na Latitude za Dell zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, nyingi zimebeba zana hiyo ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine. HP huiita Secure Erase, Dell huiita Data Wipe. Huhitaji intaneti wala programu ya kununua. Fundi mwenye Latitude moja ya zamani ana mtambo mzima wa kusafishia SSD za watu na pengine hajui. Chapa kama Samsung, Crucial na Western Digital nazo zimetoa programu zao za bure kwa ajili ya diski zao.

Anayejua Linux atatumia hdparm kwa SATA na nvme-cli kwa NVMe. Kuna kikwazo kinachowakatisha wengi tamaa: BIOS nyingi huigandisha SSD wakati wa kuwaka ili kirusi kisije kuifuta, na amri hukataliwa. Ilaze kompyuta usingizi, kisha uiamshe. Mara nyingi inakubali. Usifanye kazi hii kupitia kesi ya USB, kwa sababu baadhi hazipitishi amri na nyingine huikatia njiani, na diski ikabaki imefungwa kwa neno la siri la muda uliloliweka mwenyewe. Na kabla hujabonyeza chochote, soma namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko cha diski, iandike kwenye karatasi, uilinganishe na inayoonekana kwenye skrini. Amri hizi haziulizi mara mbili. Nimewahi kukaa na kijana aliyefuta diski yenye picha za harusi ya dada yake badala ya ile aliyoinunua. Hakukuwa na cha kumwambia.

Ufutaji huo huwa wa haraka kiasi hicho kwa sababu SSD nyingi za kisasa husimba kila kitu tangu kiwandani. Zinapoambiwa kufuta hutupa ufunguo na kuunda mwingine, na data za zamani zikabaki fumbo lisilo na jibu. Hoja hiyo ni nzuri ikiwa kiwanda kimeifanya kazi yake vizuri. Mwaka 2018 Carlo Meijer na Bernard van Gastel wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya SSD maarufu za Crucial na Samsung hazikuufunga ufunguo kwa neno la siri la mwenyewe inavyotakiwa. Katika baadhi yake iliwezekana kusoma data bila kulijua neno hilo. Ubaya ukazidi kwa kuwa BitLocker, programu ya usimbaji ya Windows, ilikuwa ikiamini usimbaji wa diski pale ulipopatikana. Mwaka uliofuata Microsoft iligeuza mpangilio huo ili BitLocker isimbe yenyewe.

Hapo ndipo nilipofikia msimamo ninaomshauri kila mtu: maandalizi ya SSD kwa mwenyewe wa pili yaanze siku inapoingia kwa mwenyewe wa kwanza. Washa usimbaji wa programu, BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux, kabla hujaweka hata barua moja. Data zikiandikwa zimeshasimbwa, kila toleo lililobaki kwenye stoo ya karani ni fumbo vilevile. Kisha, siku ya kuuza, futa kwa amri ya ndani. Kinga mbili, na moja ikishindwa nyingine ipo. Kuna na sababu kubwa zaidi. SSD mara nyingi hufa ghafla, tofauti na diski ya sahani ambayo aghalabu huanza kwa kugugumia, na SSD iliyokufa haipokei amri yoyote. Huwezi kuifuta, lakini mwenye vifaa anaweza kuzing'oa chipu zake na kuzisoma. Usimbaji wa siku ya kwanza ndio pekee unaokulinda hapo. Usipokuwa nao, imebaki nyundo, na nyundo yenyewe lazima iujue mwili wa SSD: toboa kava katikati kama ilivyozoeleka kwa diski za sahani na unaweza kupita pembeni ya chipu zote. Sharti kila chipu ipasuke. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2014 ilitenga madaraja matatu, kusafisha kwa kawaida, kuondoa kabisa, na kuharibu, na kwa diski iliyokufa ikiwa na siri za watu limebaki la tatu tu.

Anayehamisha SSD yake mwenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ana mitego ya namna nyingine, na huo wa usimbaji ndio mkubwa. BitLocker huuhifadhi ufunguo kwenye chipu ya usalama iliyo juu ya ubao mama. Ukiitoa SSD na kuipeleka mashine nyingine, chipu haikufuatana nayo, na utakutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Laptopu nyingi mpya huwasha usimbaji huo zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa hiyo usiseme mimi sikuwahi kuuwasha. Fungua, angalia, andika ufunguo, au uzime usimbaji usubiri umalize. Kama BIOS ya mashine ya zamani iliweka neno la siri juu ya diski yenyewe, liondoe diski ikiwa bado iko nyumbani kwake. Mashine ya chapa nyingine inaweza kulitafsiri neno hilohilo kwa namna nyingine na kulikataa, hata ukiliandika sawasawa. Mambo haya mawili hufanywa kabla ya kushika bisibisi. Baada ya hapo, anayejua kuyatatua ni ghali.

Na nakala rudufu itangulie yote. Iweke mahali pengine kabisa, si kwenye patisheni ya pili ya diski ileile.

Sasa uhai. SSD huchakaa kwa kuandikwa, na watengenezaji hutaja kiasi wanachokidhamini. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 500, kwa mfano, imedhaminiwa terabaiti 300. Mtu wa ofisi anayeandika gigabaiti 20 kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 40 kuzimaliza, kwa hiyo SSD ya karani wa kawaida iliyokaa kazini miaka mitano haina sababu ya kuogopwa. Wa kuogopwa ni watumishi wengine. Mwaka 2021 sarafu ya kidijitali ya Chia ilipovuma, wachimbaji wake walitumia SSD kama jiko la kupikia mafaili makubwa, na kila faili moja la kawaida, la takriban gigabaiti 100, liliandika zaidi ya terabaiti moja ya data za muda. Diski iliyokuwa na umri wa miezi michache ingeweza kuwa imefanya kazi ya miongo.

Umri huo unasomeka. SSD hujiwekea kumbukumbu ziitwazo SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo au smartctl huzionyesha: saa ilizowaka, kiasi kilichoandikwa, asilimia ya uhai iliyotumika, akiba iliyobaki ya mabunda, na makosa ya kusoma. Mimi huanza na makosa. Diski iliyowaka saa 20,000 bila kosa hata moja naichukua mbele ya ile ya saa 900 yenye makosa saba. Ukikuta diski ya bei ya kutupa inajiita ya terabaiti 2, ijaze kwanza kwa H2testw au F3 kabla hujaiamini. Zipo zilizochokorwa ili zitaje ukubwa zisio nao, na zikifika mwisho wa uwezo wake wa kweli huanza kuandika juu ya faili zako za mwanzo.

Angalia pia toleo la programu ya ndani ya SSD, hasa zinazotoka kwenye seva. Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva, zisipopewa toleo jipya, hufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data zilizomo hazirudi. Diski ya namna hiyo ingeweza kupita kila kipimo sokoni leo na kuzima kesho kwa kutimiza saa zake. Zaidi ya hayo, SSD nyingi za seva ni za SAS, na soketi ya SATA ya kompyuta ya nyumbani haizipokei. Sura inafanana, bei inavutia, na unabaki na kipande cha chuma.

Lile swali la mashine inayopokea limeandikiwa mno, nitalipitia haraka. Laptopu za miaka ya 2012 hadi 2014 kwa kawaida huchukua diski ya inchi 2.5 ya SATA. Za baadaye huchukua kipande chembamba cha M.2, ambacho upana wake ni milimita 22 na urefu wake wa kawaida ni 80, na hapa watu hukosea kwa sababu M.2 ni umbo tu: ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe, na sloti moja haipokei zote kila mara. Mashine nyingi za kabla ya 2014, hata ukizipachikia NVMe kwa adapta, haziwezi kuwaka kutoka humo. MacBook nyingi za 2013 hadi 2015 zina soketi ya Apple pekee, na kwenye MacBook zenye chipu za M1, zilizoanza mwaka 2020, hakuna cha kuhamisha. Hifadhi imechomelewa ubaoni. Panga patisheni za diski kwa mfumo wa GPT kama mashine inatumia UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani. Ukiona programu ya kuweka Windows haiioni NVMe yako kwenye laptopu ya Intel, angalia BIOS kama mpangilio wa RST au VMD umewashwa kabla hujamlaumu muuzaji.

Jambo moja la upande huu sitalipita haraka, nalo ni Windows ya mtu. SSD nyingi huuzwa zikiwa na Windows iliyokwisha kuwekwa, na mnunuzi hufurahi kwamba inawaka palepale. Windows 10 na 11 huvumilia kuhamishwa kuliko zile za zamani. Zitatafuta draiva mpya na kuendelea, ingawa leseni iliyofungwa kwa ubao mama wa kwanza haitafuata. Lakini hujui aliyeiweka aliweka na nini kingine. Programu ya kunasa kila unachoandika haina dirisha wala sauti, na wewe utaingia humo benki yako, M-Pesa yako ya biashara, barua pepe ya watoto. Kwa hiyo mnunuzi naye ana wajibu wa kufuta, hata kama muuzaji ameapa kwamba ameshafuta: muuzaji hufuta kwa ajili ya siri zake, mnunuzi hufuta kwa ajili ya usalama wake.

Limebaki swali la nani abebe kazi hii. Mteja hajui kuidai. Fundi halipwi kwa ajili yake, na mwenye data hayupo. Nchi zetu zimeshaandika sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Shule, zahanati au kampuni inayokusanya taarifa za watu inawajibika nazo, na siwezi kuona kwa hoja gani wajibu huo unakoma pale kompyuta inapopewa dalali. Ulaya na Marekani, zinakotoka nyingi za mashine zetu, hazina kinga dhidi ya uzembe huu. Septemba 2022 kampuni ya Morgan Stanley Smith Barney ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 mbele ya wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, kwa makosa yaliyoanza 2015. Iliwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake watu wa kuhamisha mizigo wasiojua lolote kuhusu kufuta data, na baadhi ya vifaa vikaja kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa bado na taarifa za wateja. Kampuni yenye idara nzima ya usalama ilikosea palepale alipokosea mwalimu mkuu aliyeita dalali aje kubeba kompyuta chakavu.

Ningependa tangazo la zabuni la kuuza vifaa vilivyotumika liseme kwa sentensi moja diski zimefutwa kwa njia gani, lini, na namba zake za utambulisho ni zipi. Orodha ya namba hizo inaingia kwenye ukurasa mmoja. Shule isiyo na mtu wa kompyuta na ing'oe diski kabla ya kuuza mashine, ipoteze elfu chache kwenye bei, izifungie kabatini hadi apatikane anayejua.

Yule fundi wa Kariakoo nilimpelekea flashi yenye Linux na karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili. Karatasi hakuihitaji sana. Alitafuta Latitude moja iliyovunjika kioo ambayo hakuna mteja angeinunua, akaiunganisha na skrini ya zamani, akaiweka kando ya meza. Diski inayoingia dukani hupitia hapo kwanza, huchukua dakika tano, na ikitoka hubandikwa kipande cha plasta chenye tarehe. Zile za NVMe, ambazo Latitude hiyo haina sloti yake, hujikusanya kwenye kopo hadi Jumamosi jioni, ninapopita na laptopu yangu.